Shangazi Anajibu: Ile Bangi ya Ujanani Tunayoicheka Leo

Wasomaji wangu hamjambo. Mwezi uliopita nilimjibu mama mmoja wa Lira aliyekuta msokoto wa bangi kwenye mfuko wa sare ya mwanae wakati anafua, nikadhani sasa nitaletewa barua za wazazi wenye machungu, kumbe simu ikajaa stori za kuchekesha, watu wazima wenye kazi zao na wengine wana wajukuu wananiambia Shangazi hata sisi tulijaribu, alafu wanaeleza mpaka nikacheka peke yangu ndani ya takisi ya Ntinda, watu wananigeukia. Nimechagua chache zenye maswali ndani. Majina nimetoa yote, ya watu na ya shule.

*

Shangazi, habari za kazi. Mimi ni baba wa watoto watatu, kwetu ni Arua lakini naishi Kampala. Majuzi tulikuwa kwenye mkutano wa harusi ya mwenzetu, wale tuliosoma bodingi pamoja miaka ya tisini, mambo ya michango yakaisha, soda zikaletwa, stori zikaanza. Mmoja akafufua ile ya vaka ya S.4, likizo ya baada ya kidato cha nne. Tulikuwa wanne, mmoja wetu kaka yake alikuwa dereva wa lori ndo akamwachia kamsokoto kamoja, tukaenda nyuma ya ghala la muhogo la baba yangu tukavuta kwa zamu, tunakohoa machozi yanatoka. Tukakaa, hakuna kitu, tukaanza kumtukana aliyeleta, alafu mmoja akaangalia mbuzi wa jirani akasema taratibu, "Huyu mbuzi anatusikiliza." Shangazi tulicheka mpaka tukalala chini, mbuzi anatafuna tu anatuangalia, kila akitafuna tunaanza upya. Baadaye ikaja njaa ambayo sijawahi kuisikia tena, tukaingia jikoni tukakuta enyasa, ule ugali wa kwetu, na maharage ambayo mama aliwapikia wageni wanatoka Adjumani, tukamaliza yote, mpaka ukoko tukakwangua na kijiko. Mama akarudi akakuta sufuria inang'aa. Akauliza nani, tukasema mbwa. Na mbwa wetu alikuwa amefungwa kamba pale pale mlangoni anatuangalia na yeye.

Sasa shida ni hii. Wakati stori inasimuliwa kijana wangu wa miaka 15 alikuwa nyuma yetu anachaji simu, sikumuona. Tukiwa kwenye gari akaniuliza, "Baba, kwa hivo wewe ulivuta na ukawa sawa tu?" Nikawasha redio. Mke wangu anasema nikatae, niseme walikuwa wananitania. Yule mwenzetu wa nne hakuwepo kwenye mkutano, siku hizi hatembei na sisi. Nimjibu nini mtoto?

Baba wa Arua, Kampala

*

Mwanangu, usikatae. Mtoto wa miaka 15 amewasikia watu wazima wanataja mbuzi, sufuria na mbwa wa kamba, hayo mambo hayatungwi, anajua ni kweli. Ukikataa atakachobaki nacho ni kwamba kwenye habari za bangi baba yake anadanganya, na siku yeye atakapopewa nyuma ya darasa hatakuja kukuuliza wewe, atawauliza wale wale wanaompa. Mke wako ana hofu ya mama na hofu hiyo naiheshimu, lakini mpango wake utawaumiza nyote.

Kwanza mweleze kilichotokea mwilini, watoto wa siku hizi wanasoma sayansi, wanapenda kujua kitu kinafanyaje kazi. Ndani ya bangi kuna kemikali inaitwa THC, wanasayansi wa Israel Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni waliitenga mwaka 1964. Ubongo wetu una sehemu zake ambazo kazi yake ni kupokea kemikali ambazo mwili wenyewe unatengeneza, za kutuliza, za njaa, za kumbukumbu, sasa THC inafanana nazo, inaingia pale kama ufunguo wa kughushi. Moja ya zile za mwili iligunduliwa 1992 ikapewa jina anandamide, kutoka neno la Kisanskriti la furaha. Ndo maana mbuzi akawa kichekesho, ndo maana dakika zilivutika, na ndo maana ya ile njaa, kwa sababu ule upande wa ubongo unaosimamia kula unaambiwa kuna njaa hata kama tumbo limejaa na harufu ya chakula inakuja kali kuliko kawaida. Maharage ya mama yako hayakuwa na nafasi ya kupona.

Alafu kuna hili, na hapa ndo nataka unisikilize sana. Barua yako nimeisoma na kuirudia, na mstari ulionishika ni ule wa mwenzenu wa nne. Umeandika kidogo tu, hakuwepo, hatembei na sisi, ukapita. Sijui amepatwa na nini, inawezekana alihama, inawezekana mligombana kwa mambo ya pesa, sitaki kumsingizia mtu ambaye sijamuona. Wewe unajua. Lakini kama ni kile ambacho nafikiria, basi stori mliyoisimulia mezani ilikuwa nusu. Nimekaa kwenye meza nyingi za namna hiyo, kwenye mikutano ya harusi, kwenye kwanjula ya kumtambulisha bwana ukweni, hata kwenye matanga, na kila mara nagundua kitu kimoja, wanaosimulia ni wale ambao mambo yaliwanyookea. Wana kazi, wana gari, wanachekesha. Yule ambaye aliendelea kuvuta kila siku mpaka akaacha shule, yule aliyeanza kusikia sauti za watu ambao hawapo, haalikwi kwenye mkutano wa harusi, na hata akialikwa hakuna anayempa nafasi aeleze yake. Kwa hivo mtoto anaposikiliza pale anasikia watatu kati ya watatu walikuwa sawa. Hesabu sio hiyo.

Makadirio ambayo wataalamu wanayataja sana ni kwamba karibu mmoja katika kila 10 wanaotumia bangi anakuwa mtumwa wake, na kwa wale wanaoanza kabla ya kuwa watu wazima inapanda, karibu mmoja katika 6. Ubongo wa binadamu unaendelea kujengwa mpaka miaka ya ishirini na kitu hivi, na kwa vijana ambao kwenye ukoo wao kuna ugonjwa wa akili kama skizofrenia, bangi inaweza kuuamsha mapema. Na hakuna aliyejua siku ile nyuma ya ghala ni nani atakuwa sawa na nani hatakuwa. Mlivuta msokoto mmoja, moshi mmoja, saa moja.

Kwa hivo jibu la swali lake, "ukawa sawa tu?", ni rahisi na ni la kweli. Mwambie ndio, mimi nilikuwa sawa, nilivuta nikaogopa kuambiwa mwizi wa chakula, sikuendelea, lakini twende nikueleze habari za mwenzangu. Mweleze hata jina lake. Kama yuko karibu na familia yake inaruhusu, mpeleke akamsalimie, sio kumuonyesha kama onyo, hapana, mpeleke kama mtu anaenda kumuona rafiki wa baba yake, na umbebee sukari na sabuni. Mtoto ataona mwenyewe.

Na usifanye kikao. Watoto wakiona baba amevaa sura ya kikao na televisheni imezimwa, masikio yanafunga. Ongea naye mkiwa mnaosha gari, au mmesimama mnangoja rolex, ile chapati ya mayai, ikaangwe pale kwa kijana wa chapati, mambo mazito yanapita vizuri mikono ikiwa na kazi. Na ile redio uliyoiwasha, mwambie uliiwasha kwa sababu ulikuwa hujajua uanzie wapi. Atakuelewa.

*

Shangazi mpendwa, mimi ni mama wa Jinja, zamani nilikuwa mwanafunzi wa chuo nakaa hosteli Wandegeya. Kwenye bethdei ya msichana mmoja wa kwenye korido yetu kulikuwa na keki ya chokoleti, wakasema wazi kabisa ina majani, anayetaka ale asiyetaka aache. Wavulana wao walikuwa wanavuta nje kwenye balkoni. Mimi moshi nauchukia kwa hivo nikala kipande cha keki. Nikakaa karibu saa nzima sioni kitu, nikasema hawa wametuuzia keki ya kawaida, nikala kingine kikubwa zaidi. Shangazi! Wale wavulana walicheka wakala chips wakaenda zao kulala, mimi ndo kwanza naanza. Nikapata wazo kwamba nikiacha kujikumbusha kupumua nitaacha kupumua, nikamshika rumeti wangu nikamuomba anihesabie, moja vuta, mbili toa, maskini akahesabu kwa upendo mpaka usingizi ukamchukua, namuamsha, "endelea, umefika ngapi?" Tulifika asubuhi hivo. Siku hizi yeye ni nesi na kila tukionana ananiuliza nimefika ngapi. Swali langu, mbona keki ilinishika hivo na wale waliovuta wakapona mapema? Na je ningeweza kweli kufa?

Mama wa Jinja

*

Huyo rumeti wako namtumia salamu zangu, watu wa kukuhesabia pumzi usiku kucha ni wachache dunia hii na sishangai kwamba amekuwa nesi.

Sasa jibu. Anayevuta, moshi unaingia kwenye mapafu na ndani ya dakika chache THC imefika kichwani, kwa hivo anajua mapema amefika wapi, na baada ya saa mbili tatu nyingi inakuwa imeshuka. Anayekula, ile dawa inapitia tumboni, alafu inaenda kwenye ini, na ini linaigeuza kuwa kemikali nyingine ambayo inaingia kwenye ubongo kwa nguvu zaidi. Njia hiyo ni ndefu, inaweza kuchukua nusu saa, inaweza kuchukua masaa mawili, inategemea na mtu na kama alikuwa amekula. Kwa hivo uliposema keki ni ya kawaida ukaongeza kipande, kile cha kwanza kilikuwa bado kiko njiani, vikafika vyote pamoja. Na ikishafika haiondoki haraka, masaa sita, manane, wengine mpaka kesho yake wanasikia kichwa kizito. Tena kwenye keki hakuna anayejua majani yamekaa upande gani, kona moja inaweza kuwa na mengi na kona nyingine hakuna.

Kupumua usingesahau, sehemu ya ubongo inayosimamia pumzi inafanya kazi yenyewe hata ukilala. Kilichokushika ni hofu, ambayo bangi nyingi kwa mara moja inaleta kwa watu wengi tu, moyo unapiga mbio, mdomo unakauka, na mtu anaamini kabisa anakufa. Lakini msichukulie kwamba basi hakuna hatari. Mwenye ugonjwa wa moyo yale mapigo ya kupanda sio mchezo. Na mtoto mdogo akiokota keki kama hiyo mezani ni jambo la kukimbizwa hospitali usiku huo huo, anaweza kulala usingizi usioamka vizuri, na muwaambie madaktari ukweli amekula nini, msione aibu, daktari anayefichwa anatibu malaria ambayo haipo.

Ukimkuta mtu kwenye hali kama yako fanya alichofanya rumeti wako. Kaa naye, mahali pa kimya, mpe maji, mwambie hii itapita, usimwongezee pombe wala kahawa, usimwache apande boda. Akizimia, akitapika hajitambui, au kifua kikimuuma, hospitali.

*

Shangazi, mimi wa Mbale, nina miaka 23, wenzangu wananicheka coz nilijaribu kijiti mara moja kwenye vaka na sikusikia kitu kabisa, wao wanasema mara ya kwanza huwa haikubali ni lazima urudie. Ni kweli?

Kijana wa Mbale

*

Ni kweli kuna wengi ambao mara ya kwanza hawasikii kitu, na sababu kubwa ni kwamba moshi uliishia mdomoni. Asiyevuta sigara hajui kuushusha kifuani, anaupuliza nje. Bill Clinton akigombea urais wa Marekani mwaka 1992 aliulizwa, akasema alijaribu akiwa mwanafunzi Uingereza lakini hakuvuta ndani, dunia nzima ikamcheka miaka na miaka, na Obama alipoulizwa yeye miaka ya baadaye akajibu kwamba alikuwa anavuta ndani, ndo lilikuwa lengo lenyewe.

Hilo la lazima urudie, mwanangu, hakuna lazima yoyote. Umejaribu, hukupata kitu, mfuko wako mzima, kichwa chako kizima, polisi hawana habari zako. Wenzako wanaokusukuma urudie waulize kama siku ya kwenda kituoni watakuja na wao kuandikisha maelezo. Una stori yako tayari, simulia hiyo hiyo ya kutosikia kitu.

*

Mwanangu Shangazi, salaam aleikum. Mimi ni bibi wa Bombo, umri umeenda. Nimesikia wajukuu wanakusoma na nikasema aandike mmoja maneno yangu. Sisi zamani hiyo njaga, hiyo bangi, ilikuwa nyuma ya nyumba, bibi yangu alipanda kwa ajili ya kuku, kuku wakianza kusinzia na kunya kijani anaponda majani anawawekea kwenye maji. Mimi na binamu yangu tukiwa wasichana tukasema kama inaamsha kuku na sisi tujaribu, tukakausha juu ya bati, tukafunga kwenye gazeti, tukavuta. Binamu akaanza kuimba nyimbo za harusi peke yake uani, kwa sauti, saa ya mchana watu wamelala, anaimba mpaka majirani wakatoka kuuliza nani anaoa. Bibi akatujua kwa macho tu, mekundu, akatupa uji wa chumvi na fimbo kidogo. Binamu ameshatangulia mbele ya haki na sisi tukikutana kwenye Idi bado tunaimba ule wimbo tunamkumbuka. Sasa mjukuu wangu ananiambia dunia imebadilika, Afrika Kusini wameruhusu, Kanada wameruhusu, anataka kupanda miche miwili pale pale nyuma ya nyumba, anasema bibi ni urithi. Ni ruhusa?

Bibi wa Bombo

*

Waaleikum salaam mama. Nimefurahi sana na hiyo barua, na Mungu amrehemu binamu.

Si ruhusa, mama. Mjukuu amekuambia kweli ya kwingine, hapa kwetu ni mbali. Afrika Kusini Mahakama ya Katiba ilisema Septemba 2018 kwamba mtu mzima anaweza kutumia faraghani kwake, Kanada wakafungua Oktoba mwaka huo huo, Ujerumani ilifuata Aprili 2024, na kote huko ni kwa watu wazima na kuna mipaka, sio kila mtu na kila mahali. Kwetu Uganda kulikuwa na sheria ya dawa za kulevya ya 2015, alafu wakulima na wauzaji wa mairungi, yaani miraa, wa Wakiso wakaenda mahakamani, Mei 2023 Mahakama ya Katiba ikaifuta, kwa sababu siku ile Bunge linapitisha akidi ya wabunge haikuthibitishwa. Hapo ndo vijana wengi walishangilia wakaambiana bangi imekuwa huru, na nadhani mjukuu wako alisikia upepo wa siku zile. Haukuwa uhuru. Mahakama haikusema bangi ni nzuri, ilisema Bunge halikufuata utaratibu, na Agosti mwaka huo huo wa 2023 Bunge likapitisha sheria upya, bangi ndani na mairungi ndani. Kulima kunakokubalika ni kwa dawa, kwa leseni ya serikali, sio miche miwili nyuma ya nyumba.

Na uani ni kwako mama. Polisi wakija hawaulizi ni nani alimwagilia maji, wanauliza nyumba ni ya nani. Sitaki kusikia kwamba wewe umekaa kwenye benchi la kituo kwa ajili ya urithi. Huyo kijana nampenda kwa kutaka kitu cha bibi wa bibi yake, basi mpe vingine, mfundishe ule wimbo aliouimba binamu, aurekodi kwenye simu kwa sauti yako wewe ungali na nguvu.

Kuhusu kuku, ule ugonjwa wa kusinzia na kunya kijani mara nyingi ni kideri, unaletwa na virusi na majani hayauwezi, wale waliopona zamani walipona wenyewe. Kuna chanjo ya matone, tone moja kwenye jicho la kila kuku, bei yake ni ndogo hasa mkijiunga majirani kadhaa mkanunua chupa moja pamoja kwa sababu ikifunguliwa lazima iishe mapema. Inarudiwa kila baada ya miezi kadhaa. Mtume mjukuu kwa afisa wa mifugo wa sabukaunti aulize siku za chanjo, na akitoka huko ang'oe ile miche kama ameshaipanda.